Trout Mask Replica: fujo iliyofanyiwa mazoezi

Ukiisikia kwa mara ya kwanza albamu ya Trout Mask Replica ya Captain Beefheart and His Magic Band, utadhani wapigaji wamefungiwa vyumba tofauti na kila mmoja anapiga wimbo wake. Magitaa hayaelewani, besi inakwenda kivyake, drams zinasita na kukurupuka, na juu ya vyote Don Van Vliet, ndiye Captain Beefheart mwenyewe, ananguruma. Albamu ilitoka Marekani mwaka 1969, santuri mbili zenye vipande 28, kwa lebo ya Straight ya mwanamuziki Frank Zappa, ambaye ndiye pia aliyeisimamia kama mtayarishaji.

Wengi huamini kwamba wale vijana walikuwa wakijipigia tu. Sivyo hata kidogo. Sehemu kubwa ya muziki ule ilitungwa, ikaandikwa, ikakaririwa.

Van Vliet aliketi kwenye piano, ala ambayo hakuwa ameisomea, akabonyezabonyeza mpaka apate kipande kinachomridhisha. Mpiga drams John French, kijana wa miaka 20, alikiandika kwa nota, kisha akawagawia wenzake na kuwaelekeza namna ya kuviunganisha vipande. Kwa kuwa piano hupigwa kwa vidole kumi, mpiga gitaa Bill Harkleroad alijikuta akitafutia nafasi sauti ambazo mkono mmoja kwenye shingo ya gitaa hauzifikii kirahisi.

Sasa angalia midundo. Tuseme gitaa linarudia kipande cha mapigo 5 na besi kipande cha mapigo 4. Zikianza pamoja, hazitaanza tena pamoja mpaka mapigo 20 yapite. Ongeza gitaa la pili na drams zenye hesabu zao, sikio linapoteza pa kushika. Katika ngoma zetu nyingi pia kila mpigaji ana mdundo wake, lakini wote wanazunguka duara moja, na mchezaji anajua aweke wapi mguu. Hapa duara hilo mara nyingi halipo, au linakatwa ghafla kipande kipya kinapoanza. Frownland, wimbo wa kwanza, haufiki hata dakika 2, na humo kuna kazi ya wiki nyingi.

Kazi hiyo ilifanyika katika nyumba ya kupanga huko Woodland Hills, Los Angeles, kwa miezi kadhaa, mazoezi kutwa nzima. French na Harkleroad wameandika baadaye juu ya njaa, matusi na vipigo ndani ya nyumba ile. Walipoingia studio, muziki wa nyimbo zipatazo 20 ulirekodiwa kwa saa 6 hivi. Van Vliet alikuja kuimba baadaye, akakataa kuvaa hedifoni. Alifuata mlio hafifu uliopenya kioo cha chumba cha kurekodia, na ndiyo maana sauti yake mara nyingi haikai sawasawa juu ya ala.

Mhakiki Lester Bangs aliisifu mno katika jarida la Rolling Stone mwaka huohuo. Uingereza, ambako mtangazaji John Peel aliipigia debe, ilifika nafasi ya 21 kwenye chati. Marekani haikuingia kabisa. Heshima iliendelea kukua, na albamu imo katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa.

Ninachowalaumu wahakiki ni kwamba waliimeza hadithi ya Van Vliet, aliyedai kutunga yote kwa saa 8 na nusu. Sifa zote zikamwendea mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu, na kipaji kweli alikuwa nacho. Lakini jina la John French halikuandikwa hata kwenye jalada la kwanza. Bila mikono yake mawazo yale yangepotelea kwenye piano. Ukitaka kuielewa albamu hii, anza kwa kufuata drams zake peke yake, sauti ya mwimbaji iache ipite.

Mwaka 2003 French aliwakusanya tena wanamuziki wa Magic Band, akaimba mwenyewe. Van Vliet alikuwa ameshaacha muziki tangu miaka ya 1980, akawa mchoraji. Nyimbo zile zilipigwa jukwaani bila yeye.