Karanga zazipiku korosho katika hesabu ya afya

Mfanyabiashara anayepanga vifuko vya korosho na karanga katika kaunta moja hahitaji kuambiwa tofauti ya bei zake. Kwa fedha zinazonunua kilo moja ya korosho zilizobanguliwa, mteja hupata kilo kadhaa za karanga. Wengi huchukulia kuwa tofauti hiyo ya bei ni tofauti ya lishe pia, na kwa kuwa wateja wa mijini sasa hununua chakula wakiwa na ushauri wa daktari kichwani, dhana hiyo huziuza sana korosho. Hesabu za wataalamu wa lishe haziiungi mkono.

Gramu 100 za karanga zina protini zipatazo gramu 25, wakati uzito huohuo wa korosho una gramu 18 tu. Kwa nguvu zinakaribiana, kwani kila moja hutoa zaidi ya kalori 550, nyingi zikitokana na mafuta. Korosho huongoza katika madini: zina magnesiamu miligramu 290 hivi dhidi ya 170 za karanga, na pia zina chuma na zinki zaidi. Anayetafuta protini kwa shilingi chache, basi, hana sababu ya kuipita meza ya karanga.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalifahamu lilitokea Marekani mwaka 2003. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliruhusu vifungashio viandikwe kwamba ushahidi unaashiria, ingawa hauthibitishi, kuwa kula gramu 42 hivi kwa siku, katika mlo wenye lehemu kidogo na mafuta kidogo ya aina inayoganda, kunaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Karanga zimo katika orodha hiyo pamoja na lozi. Korosho ziliachwa nje, kwa sababu mafuta yake yanayoganda yalizidi kiwango kilichowekwa cha gramu 4 katika kila gramu 50. Hiyo haina maana kuwa korosho ni chakula kibaya, maana sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina inayokubalika. Makadamia nazo ziliachwa wakati ule, lakini zilipata ruhusa yake mwaka 2017 baada ya kampuni moja ya Hawaii kupeleka maombi. Hati za namna hii hupewa anayeziomba.

Miongoni mwa tafiti zilizoamsha soko hilo ni ule wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, uliotolewa mwaka 1992. Ulifuatilia Wasabato zaidi ya 31,000. Waliokula vyakula vya jamii ya karanga, korosho na lozi zaidi ya mara nne kwa wiki walipatwa na vifo vya ugonjwa wa moyo kwa karibu nusu ya kiwango cha waliokula kwa nadra. Wasabato kwa kawaida hawavuti sigara na wengi hawali nyama, hivyo wenye shaka walikuwa na haki ya kuuliza, lakini tafiti nyingine za baadaye zilielekea hukohuko. Faida hiyo, hata hivyo, ni ya karanga zenyewe. Zikijaa chumvi, mwenye shinikizo la damu hana la kushangilia, na kashata ni sukari iliyotiwa karanga.

SUMUKUVU

Karanga zina tatizo moja zito kuliko la korosho. Huzaliwa chini ya udongo, penye kuvu watoao sumukuvu, na zikivunwa kwa kuchelewa au kuanikwa vibaya sumu hiyo huongezeka. Haionekani wala haina harufu. Huleta saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ikiwa nyingi huua kwa muda mfupi: mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata vifo pia. Katika matukio yote mawili mahindi ndiyo yaliyoshukiwa, lakini kuvu ni walewale.

Hapa ndipo biashara inapojidhuru yenyewe. Wako wanaolowesha karanga ili maganda yatoke upesi na uzito uongezeke kwenye mizani. Karanga iliyomenywa inatakiwa kuhifadhiwa ikiwa na unyevu wa asilimia 7 hivi. Anayeongeza maji huongeza kilo kwa siku chache na kuwaalika kuvu kwa msimu mzima. Kiwango cha Afrika Mashariki huruhusu sumukuvu sehemu 10 katika bilioni, na Umoja wa Ulaya huruhusu 4 tu kwa karanga za kuliwa moja kwa moja. Mzigo uliolowa haufiki huko.

Mwekezaji mdogo mwenye mashine ya kusaga siagi ya karanga ndiye anayepaswa kuwa macho zaidi. Chenga na punje zilizosinyaa huuzwa kwa bei rahisi, na zikishasagwa hakuna anayeziona, nazo ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Kukaanga hupunguza lakini hakumalizi. Njia ya uhakika kwake ni kununua punje nzima, kuzichambua kwa mkono kabla ya kukaanga, na kuziweka kilo zitakazotupwa katika hesabu ya gharama tangu mwanzo. Asizitegemee kuwa mapato kama chakula cha ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hiyo hupita na kutokea katika maziwa.