Tani 30, Ziwekwe Wapi?

Alasiri ya Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gati ya kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Wengi wetu tulilaani msongamano, na ilikuwa haki. Lakini taarifa za siku zile zilitaja na jambo jingine: kivuko kilipokaribia nchi kavu, abiria walisogea upande mmoja wawahi kushuka. Jambo hilo la pili lina hesabu yake, na inafaa kila msafiri aijue.

Uzito wote wa meli huvuta chini kupitia kitovu cha uzito. Maji nayo husukuma juu kupitia katikati ya sehemu iliyozama. Meli ikilala, sehemu iliyozama hubadilika umbo, na msukumo wa maji huhamia upande uliolala. Chora mstari wa msukumo huo kwenda juu: utakata mstari wa kati wa meli mahali wataalamu wanapopaita metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya hapo, meli hujiinua yenyewe. Kikipita juu, huzidi kulala. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) zinataka nafasi kati ya nukta hizo isipungue sentimita 15.

Tuchukue kivuko cha mfano chenye tani 200 pamoja na abiria wake, kitovu cha uzito kikiwa mita 2.4 juu ya mkuku. Zimeletwa tani 30 za saruji. Zidisha kila uzito kwa kimo chake, jumlisha, kisha gawanya kwa uzito wote. Saruji ikishushwa ngamani, mita 1 juu ya mkuku, tunapata 480 na 30, yaani 510. Gawanya kwa 230, kitovu kinashuka hadi mita 2.22. Ikirundikwa juu sitahani, mita 5 kutoka mkuku, kitovu kinapanda hadi 2.74. Kama metasenta iko mita 3, nafasi iliyobaki ni sentimita 78 au 26. Zote mbili zimevuka 15, na karani angeweza kugonga muhuri.

Sasa abiria 100 wahame mita 3 kuelekea upande wa gati. Kwa kilo 75 kila mmoja, kipimo ambacho kanuni hutumia, hizo ni tani 7.5. Saruji ikiwa ngamani, kivuko kitalala nyuzi 7 hivi. Ikiwa sitahani, nyuzi 21, ilhali kwa meli za abiria IMO inaishia nyuzi 10. Uzito haukuongezeka hata kilo moja.



Kwa hiyo mkaguzi anayehesabu vichwa akaishia hapo amefanya nusu ya kazi. Shehena isipande sitahani kabla nahodha hajakokotoa kitovu cha uzito wa meli na kukiandika. Nawe abiria, baki ulipo mpaka kamba zifungwe gatini.