Ng'ombe amezaa salama, mbona hashiki mimba tena?

Simu ya usiku kutoka mashambani humtia mkazi wa Nairobi wasiwasi. Mara nyingine hakuna mgonjwa wala msiba, ni habari za ng'ombe wa gredi: "Amezaa salama, lakini kondo la nyuma halijatoka." Wengi husikia hayo wakageuka upande wa pili wakalala. Hawajui kwamba karo ya muhula ujao iko mashakani.

Kwa kawaida kondo hutoka lenyewe katika muda wa saa 12. Likipitisha saa 24, limekwama. Hapo majirani huja na mashauri yao: mmoja ataka livutwe kwa mkono, mwingine ataka lifungiwe jiwe ili lishuke kwa uzito. Mambo hayo huumiza mfuko wa uzazi na kuingiza uchafu. Afadhali likining'inia, hata likinuka, na daktari wa mifugo aitwe, hasa ng'ombe akikataa kula au homa ikipita nyuzi 39.5. Akidungwa dawa ya kuua viini, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa hadi siku atakazotaja daktari ziishe. Hapa wako wanaodanganya, na anayeyanywa ni mimi na wewe huku mjini.

Tena, kondo lisishikwe kwa mikono mitupu. Ugonjwa wa brusela, ambao hutoa mimba za ng'ombe na kukwamisha kondo, humpata binadamu kwa njia hiyo, na pia kwa maziwa mabichi.

Shida ya pili haina kelele. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Ili apate ndama kila mwaka, yafaa ashike mimba kabla ya siku 85 tangu azae. Mfuko wake wahitaji kama siku 40 kurudia hali yake. Zimebaki siku 45, na ng'ombe huhitaji dume kila baada ya siku 21. Hesabu mwenyewe: nafasi mbili tu!

Mama husema, "Amekataa." Huenda ana njaa, kwa kuwa anakamuliwa sana na kulishwa matete matupu bila chumvi ya madini. Huenda mfuko una usaha. Au hakuna aliyemwona. Hali hiyo hudumu saa chache, mara nyingi usiku, na ng'ombe aliye peke yake zizini hana mwenzake wa kumpanda. Tazama ute mwangavu unaoning'inia, na kulia ovyo. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi.

Ipo sindano ya kumrudisha kwenye mzunguko, lakini daktari ampime kwanza. Kama tayari ana mimba, sindano hiyo hiyo itaitoa. Mama mjamzito naye asiiguse kabisa.

Mwanafunzi aliye likizoni aweza kuanza leo: kalenda ukutani, kalamu, na tarehe aliyozaa ng'ombe.