Tela Zito na Pikapu Kuukuu: Kuvuta si Kusimama

Katika karne ya 19 mizigo iliyotoka bara hadi Bagamoyo ilichukuliwa na wapagazi, kila mmoja akibeba kadiri ya kilo 30. Siku hizi pikapu moja kuukuu ya dizeli, ikiwa na tela nyuma, yaweza kuondoka Nunge na tani 2 za chumvi, mzigo wa wapagazi zaidi ya 60. Lakini mpagazi alipotaka kusimama, alisimama. Gari lenye tela halisimami kwa urahisi huo, na hapana budi kila dereva aelewe sababu zake.

Injini ya dizeli hukandamiza hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila cheche ya plagi. Nguvu yake ya kuzungusha magurudumu huwa kubwa hata inapokwenda polepole. Kwa mfano, injini ya zamani ya dizeli ya Land Rover, ya lita 2.25, ilikuwa na uwezo wa farasi 62 tu. Hata hivyo ilifikia nguvu yake kuu ya kuzungusha kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. Kwa hiyo, katika gia ndogo, pikapu ya namna hiyo huvuta mzigo mzito bila taabu, na dereva hudhani kwamba kinachoweza kuvutwa chaweza pia kusimamishwa. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha hatari.

Pikapu ya tani 2 na tela la tani 2, vikienda kilomita 60 kwa saa, vina nishati ya mwendo ipatayo kilojuli 556. Ili visimame, karibu nishati hiyo yote hugeuka joto ndani ya breki. Joto hilo latosha kuchemsha karibu lita 2 za maji. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, zaidi ya lita 3. Tela lisipokuwa na breki zake, breki za pikapu hubeba kazi hiyo peke yake.

Kwenye mteremko hali huzidi kuwa mbaya, kwani kila mita 50 za kushuka wima huongeza joto la kuchemsha lita 6 nyingine. Barabara za pwani ni tambarare kwa sehemu kubwa, hivyo udhaifu wa breki hufichika mpaka gari lielekee bara. Kaskazini ya Msata, miteremko ya kuliendea daraja jembamba la zamani la mto Wami ilijulikana kwa ukali wake kabla ya daraja jipya kuanza kutumika mwaka 2022.

Breki zikipata joto mno, msuguano hupungua. Tena, mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo ukichemka huwa mvuke. Mvuke hukandamizika, na pedali huzama bila kuleta nguvu.

Kinga zake ni nyepesi. Tela zito liwe na breki zake. Mafuta ya breki yabadilishwe kwa wakati. Sehemu kubwa ya mzigo iwe mbele kidogo ya ekseli ili tela lisiyumbe. Na gia ndogo iingizwe kabla ya kuanza kushuka, wala si katikati ya mteremko. Kipimo cha mzigo ni uwezo wa breki, si uwezo wa injini.