Posho Peke Yake Haijengi Nyumba



Wengi wetu tulio viwandani Kampala na Jinja, na katika mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, husema, "Mtu wa Serikali anastarehe." Tusiseme hivyo kabla ya kumtazama aliyepelekwa Kaabong au Kotido huko Karamoja, au Kalangala, wilaya ya visiwa 84 katika Ziwa Victoria.

Mwaka 2010 Serikali ilianza kuwalipa watumishi wa sehemu zisizofikika kwa urahisi nyongeza ya asilimia 30 ya mshahara wa msingi. Hiyo ni hatua, nasi twaikubali. Lakini tupige hesabu. Tuchukue mfano wa mwenye shilingi 400,000: huongezewa 120,000. Atoe nauli ya boti, anunue sabuni na chumvi kwa bei ya kisiwani. Kitakachobaki hakichimbi kisima wala hakijengi choo. Na mahali pasipo na nyumba ya kupanga, mwalimu atapanga nini?

Basi twasema: posho ni jambo moja, na mahitaji ya kazini ni jambo lingine. Mahitaji hayo ni nyumba karibu na kazi, maji safi, choo, taa, na chombo cha kusafiria. Si maneno yetu tu. Shirika la Kazi Duniani, ambalo Uganda iliingia mwaka 1963, lilitoa pendekezo juu ya chakula, mapumziko na usafiri wa wafanyakazi mwaka 1956, na juu ya nyumba zao mwaka 1961. Nayo Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yataka maji ya kunywa na vyoo mahali pa kazi.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Kalangala kuna mashamba ya michikichi. Mkata michikichi akiumia, humkimbilia muuguzi wa Serikali. Muuguzi asipokuwa na pa kulala ataomba uhamisho, na siku hiyo atakayeumia ni mwenzetu na mtoto wake.

Kwa hiyo matawi yetu yaonane na walimu na wauguzi wa sehemu zao. Wakidai nyumba, tusimame nao. Tukidai kambi zetu zitengenezwe, wasimame nasi. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 1995 inatupa haki ya kuwa na chama. Haki isiyotumiwa huota kutu kama panga lililoachwa mvuani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Umoja ni nguvu!