Mtoto Akilazwa kwa Dawa, Tuchunge Pumzi Zake

Huku Kenyenya, Kisii, niliko kikazi, mzazi hushusha pumzi mtoto wa degedege anaponyamaza baada ya sindano. Kwetu Pwani ni vivyo hivyo. Lakini kimya hicho chataka kuchungwa.

Dawa za kutuliza ubongo, kama diazepamu na fenobabitoni, hupunguza pia nguvu ya kupumua. Ushahidi ulitoka kwetu Kilifi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Watoto 340 wenye malaria ya ubongo waligawanywa: nusu wakapewa sindano ya fenobabitoni, nusu wasipewe. Degedege zilipungua kweli kwa waliopewa, lakini walifariki 30, na upande wa pili 14. Hatari ilizidi kwa waliopata pia diazepamu mara tatu au zaidi.

Ndiyo maana muuguzi hatazami degedege pekee. Huhesabu pumzi dakika nzima, husoma kipimo cha oksijeni kidoleni, humwita mtoto jina. Asipoitika, humfinya kidogo aone kama anahisi. Kisha huandika, pamoja na saa ya kila dozi, na baada ya muda hurudia tena.

Kazi hiyo haiwezekani muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku. Kaunti zetu, za bara na za Pwani, ziongeze wauguzi wa zamu na vipimo vya oksijeni. Nawe mzazi, mtoto akihamishiwa hospitali nyingine, hakikisha karatasi ya dozi inakwenda naye.