Neno la Mtoto, kutoka Dzaleka hadi Lilongwe

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoomba kufanya mafunzo ya utafiti kwa vitendo katika shirika la ulinzi wa watoto, wenzake humuuliza: isimu na ulinzi wa watoto vinahusiana vipi? Makala haya yanajibu swali hilo kwa mfano wa Dzaleka nchini Malawi.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa na gereza, na mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini kufikia 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili huwaunganisha. Hata hivyo, Kiswahili kinachosikika sana pale ni kile cha mashariki ya Kongo, si sanifu tunachofundisha.

Hapo ndipo penye kazi. Tuchukue mifano miwili ya kutunga. Mtoto anasema, "Yaya alinipiga." Mwanafunzi wetu ataandika kwamba alipigwa na mtumishi wa kulea watoto, ilhali kwa Mkongo yaya ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. Mwingine anasema, "Bibi ya baba ananinyima chakula." Sisi tutamdhania nyanya yake. Kumbe kwa Wakongo wengi bibi ni mke, na huenda anayesemwa ni mama wa kambo. Kosa la neno moja laweza kumtia mashakani asiye na hatia, na mtoto akarudishwa jioni kwa yule yule anayemtesa.

Aidha, taarifa hiyo hutafsiriwa kwa Kiingereza kabla ya kusomwa ofisini Lilongwe. Msomaji wa huko hakumsikia mtoto, hivyo hawezi kuligundua kosa. Nayo madhila yapo kweli: mwaka 2022 polisi wa Malawi na shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na uhalifu walifichua biashara ya binadamu kambini humo, watoto wakiwa miongoni mwa waathirika.

Mwanafunzi afanyeje basi? Kwanza, aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, tafsiri ikae kando yake. Pili, neno likimtatiza, amwulize mkalimani au mzazi mwenyeji wa lahaja hiyo maana yake kwa jumla, bila kutaja kisa wala jina la mtoto. Tatu, asimsahihishe mtoto. Anayesema "batoto" akaambiwa sema "watoto" hunyamaza, na la maana likabaki moyoni. Nne, akumbuke kwamba yeye si mpelelezi. Mtoto akisimulia mateso, amsikilize bila kumhoji, asimwahidi siri, na amfikishie afisa wa shirika habari siku hiyo hiyo. Simulizi hiyo si data ya tasnifu yake, ila kwa idhini na kwa taratibu zilizowekwa.

Kwetu walimu, somo ni moja. Lahaja tunazozipita juu juu darasani ndizo watoto wa Dzaleka wanazozitumia kuomba msaada. Tuzifundishe kwa uzito kabla hatujamwaga mwanafunzi.